Kila Mtu Asome Kitabu cha Mwenzake

"Iko imeandikwa, ao ni weye unatia?"

Ukiishi ukuta kwa ukuta na mtu anayeuliza swali hilo kila siku, mwishowe unalisikia hata ukiwa peke yako jikoni unasonga bukari. Mimi nalisikia mpaka leo, ingawa aliyekuwa akiliuliza tulimzika mvua zilipoanza.

Mtaa wetu mzima wa Kapata ulimwita Tata Mwalimu. Miaka mingi alifundisha Maandiko katika shule ya wachungaji, akawafundisha watu kusoma Kiebrania na Kigiriki, na alipokuwa mtu mzima akajifunza Kiarabu kwa shehe mmoja anayeuza vitenge mjini Kolwezi. Habari za elimu yake wataziandika wale waliokaa darasani kwake. Mimi nilisoma shule ya msingi na miaka miwili ya sekondari, nikaolewa, na sasa ninauza makala, mkaa wa kupikia, mbele ya lango langu. Ninaandika kama jirani. Nilisikia kikohozi chake asubuhi na redio yake mchana, na kuna jambo moja alilonifanyia ambalo sitaki lipotee pamoja naye.

Lile swali lake lilikuwa la vitabuni. Mtu akifafanua aya na kuongeza neno lisilokuwemo, Tata Mwalimu aliinua kidole na kuuliza: imeandikwa, au unatia wewe? Lakini alilitoa vitabuni akalileta mpaka bombani tunapochota maji. Siku moja mama mmoja wa mstari wetu wa nyumba alikuwa anatusimulia kwamba mke wa muuguzi anatoka kwa siri na shemasi.

"Mama, uliona kwa macho, ao unatia?" akauliza Tata Mwalimu, ndoo yake mkononi.

"Tata Mwalimu, mi nilisikia tu."

"Kwa nani?"

"Kwa batu."

"Basi bale batu njo banatia. Na weye unaongeza chumvi."

Tulicheka mpaka maji yakamwagika. Kuanzia siku hiyo wanawake walimwita Tata Unatia wakiwa mbali naye. Alijua. Siku nyingine alipita akatusalimu, "Jambo bamama, ni mi Unatia," kisha akaenda zake bila kucheka.

Alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya kampani ya migodi aliyoachiwa na baba yake, mmoja wa wale watu wa Kasai walioletwa kufanya kazi ya shaba. Tulijua kwamba zamani alikuwa na mke, na kwamba mke alipanda treni kwenda Kasai wakati watu wa kwao walipofukuzwa katika mji huu. Yeye alibaki. Shehe alimficha nyumbani kwake, nyuma ya marobota ya vitenge, na humo ndani, kwa kukosa la kufanya, akaanza kujifunza Kiarabu. Hayo shehe alikuwa akiyasimulia kwa kujigamba kidogo: "Huyu mwanafunzi wangu alikuwa hana pa kukimbilia. Njo maana alijifunza muzuri." Tata Mwalimu hakuongeza kitu, na mimi nilikuja kukaa Kapata baada ya mambo hayo, kwa hiyo sikuwa na haki ya kuuliza.

Kila Alhamisi alasiri shehe alikuja na pikipiki ya kukodi, akavua viatu mlangoni hata kama walikuwa wanakaa nje, na kazi yao ikaanza. Walikaa chini ya kibanda cha mabati pembeni mwa lupango, kiwanja cha nyumba yake, na kwa kuwa ua wetu ni wa michongoma iliyokwisha kuliwa na mbuzi, niliona na kusikia yote. Kanuni yao ilikuwa moja. Kila mtu asome kitabu cha mwenzake. Shehe alisoma Biblia kwa sauti, Tata Mwalimu akasoma Kurani, na aliyesoma ndiye aliyefafanua. Mwenye kitabu alinyamaza. Mwenzake alipomaliza, mwenye kitabu alisema neno moja kati ya mawili: "umenisoma," au "haujanisoma." Ikiwa ni la pili, msomaji alirudi mwanzo. Kubishana hakukuruhusiwa mpaka neno "umenisoma" litoke, na kuna Alhamisi walizotengana giza likikaribia bila neno hilo kutoka, wakaagana kama watu waliofanya kazi nzuri.

Nilimuuliza siku moja kwa nini wanajitesa hivyo.

"Kitabu yako unaijua mpaka hauione tena," alisema. "Unasoma ile iko mu kichwa yako, unafikiri uko unasoma ile iko mu karatasi. Ya mwenzako unaisoma polepole, kama mutu anapita mu lupango ya batu iko na mbwa."

Mbwa aliwaogopa kweli. Alikuwa na fimbo nyuma ya mlango kwa ajili yao tu.

Mimi niliingia katika kundi hilo kupitia makala. Nilimpelekea gunia Alhamisi moja, nikasimama nikingoja aende kuchukua pesa, na nikawakuta wamekwama juu ya habari ya Ibrahimu na mwanawe. Wote wawili walijua kila neno la habari ile kwa lugha zake zote. Nikauliza, bila kufikiri, mama wa yule mtoto alikuwa wapi siku hiyo. Shehe akatazama kitabu, Tata Mwalimu akatazama kitabu kingine.

"Haiko imeandikwa," alisema shehe.

"Hata huku," alisema Tata Mwalimu. Kisha akanisogezea kiti. "Mama, ikala. Siye tunajua sana, tunapita juu ya bitu mbio. Tunahitaji mutu wa kutusimamisha."

Basi nikawa ninakaa nao, nikichambua sombe, majani yetu ya muhogo, kwenye ungo wakati wao wanasoma. Sitasema kwamba niliwafundisha kitu. Waliyoyajua wao siwezi hata kuyahesabu. Kazi yangu ilikuwa kuuliza, na mara nyingi jibu lilikuwepo tayari na walinipa kwa subira.

Wengine walijaribu kuingia. Mchungaji mmoja wa kanisa la uamsho, mwenye vipaza sauti vikubwa, alikuja akiwa na nia ya kumwokoa shehe. Wakampa Kurani asome, kama kanuni inavyotaka. Aliishika kwa ncha za vidole, kama sufuria iliyotoka motoni.

"Mi siwezi kusoma hii."

"Haina mbaya," alisema Tata Mwalimu. "Lakini basi usifundishe juu yake."

Mchungaji aliondoka. Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya wazee wanaochanganya mwanga na giza, vipaza sauti vikielekezwa upande wetu. Tata Mwalimu aliweka kiti nje, akasikiliza mahubiri yote, mkono sikioni. Jumatatu alimpelekea mchungaji kichane cha ndizi na kumweleza kwamba ile aya aliisoma nusu, na nusu ya pili inasema kinyume. Alishangaa kweli kwamba mchungaji hakufurahi.

Hapo ndipo palikuwa na upungufu wake, na sitauficha kwa sababu amekufa. Alikuwa na subira zaidi na maneno ya watu waliokufa zamani kuliko na watu walio mbele yake. Aliweza kukaa mwezi mzima na neno moja la Kiebrania, lakini mtu akilia mbele yake alishika kofia yake na kutafuta njia ya kutoka. Kwenye vilio alikuwa hatari. Katekista wetu akisema kaburini kwamba marehemu sasa ni malaika, unamwona Tata Mwalimu anaanza kusogea mbele, na mtu fulani anamshika koti kwa nyuma. Sukari alikuwa akiigawa kwa kijiko kidogo kuliko vyote nilivyowahi kuona. Na alikuwa na mpwa wake kule Mutoshi ambaye hakusema naye kwa sababu mpwa aliuza Biblia ya babu yao kwa muuza karanga, akafungie karanga zake.

Kitu kingine ambacho hatukukielewa ni ile namba. Nyumba za Kapata zilipewa namba na kampani, zikaandikwa ukutani kwa rangi nyeusi. Kampani ilipodhoofika namba zikafutika, watu wakapaka rangi wanazopenda, wengine wakajenga maduka mbele, na siku hizi ukimwelekeza mtu unamwambia nyumba ya kijani karibu na mashine ya kusaga. Wazee wengi wanaililia kampani bado: unga wake, hospitali yake, sinema yake ya Jumamosi. Tata Mwalimu aliwacheka. "Kampani haikuwa Mungu," alikuwa akisema. "Musiitie mu Biblia." Lakini kila kiangazi, huyo huyo, alinunua kopo dogo la rangi nyeusi, akapanda kwenye kiti, akaipaka upya namba ya nyumba yake. Na watu wenye pesa za kobalti walipokuja kutaka kununua lupango, aliwakaribisha chai yenye sukari haba na kuwaambia haiuzwi. Tulisema ni uzee.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Mwanangu wa kwanza alikuwa mchimbaji wa madini Mutoshi. Alikuwa na rafiki waliyesoma naye, wakaacha shule pamoja, wakashuka mashimoni pamoja. Siku udongo ulipoanguka, rafiki yake alikuwa juu akivuta kamba na mwanangu alikuwa chini. Walitoa miili ya wengine. Wake haukupatikana, na baadaye shimo lilifukiwa ili watu wasishuke tena. Rafiki yake alikuja nyumbani kwangu kwa miguu, akiwa na koti la mwanangu mkononi, lile la kijivu lenye zipu. Aliliweka kwenye mapaja yangu, akaketi chini kwenye vumbi la makala, akalia.

Kwetu mtu asiyezikwa kilio chake hakiishi. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alitaka tufanye kama familia nyingine zinavyofanya kwa walioachwa mashimoni: koti liwekwe ndani ya sanduku, liombewe, lizikwe, msalaba uwekwe, watu waondoe mikeka warudi makwao. Nilikataa. Nilisikia kwa akina mama wengine kwamba kuna vijana waliopona wakakimbia kwa hofu ya madeni na ya polisi, wengine upande wa Sandoa, wengine wakavuka mpaka. Koti nilikuwa nalitia chini ya kichwa nikilala. Shemeji alikasirika, kisha akachoka, kisha akaacha kuja. Mke wa mwanangu alikuwa anangoja neno langu. Hakuweza kuvua nguo za msiba wala kurudi kwao na mtoto wao. Hakuna aliyeweza kuendelea na maisha mpaka mimi niseme ndiyo.

Katika hali hiyo nikarudi kukaa nao Alhamisi, kwa sababu nyumbani palikuwa kimya sana. Na walikuwa wamefika kwenye habari ya Yusufu.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Tata Mwalimu kusoma kitabu cha shehe. Habari hiyo niliijua tangu utoto: kijana anatupwa shimoni na ndugu zake, wanamletea baba nguo yenye damu, na baba anaamini kwamba mnyama amemla, analia asitake kufarijiwa. Lakini sikujua kwamba katika Kurani baba haamini. Anaitazama nguo, anawaambia wanawe kwamba wamejitungia jambo, na anachagua kungoja. Anangoja mpaka macho yake yanakuwa meupe kwa huzuni. Na mwisho nguo nyingine ya mwanawe inaletwa, inawekwa usoni pake, naye anaona tena, na mtoto yuko hai.

Ungo ulikuwa umetulia mapajani mwangu.

"Juu ya nini hakuamini?" niliuliza. "Nguo ilikuwa na damu."

Tata Mwalimu alimtazama shehe, na shehe alijibu kwa kuwa lilikuwa swali la kitabu chake. "Bafasiri banasema nguo ilikuwa na damu lakini haikuwa imepasuka. Mnyama gani anakula mutu bila kupasua nguo?"

"Iko imeandikwa," aliuliza Tata Mwalimu, "ao ni bafasiri banatia?"

"Ni bafasiri," alisema shehe. "Lakini banatia muzuri."

Nilikwenda nyumbani nikalitandaza koti kitandani. Nililikagua mikono, mgongo, mifuko, bitana. Halikuwa na tundu hata moja, wala damu, wala udongo zaidi ya vumbi la kawaida. Alhamisi iliyofuata nilifika mapema kabla ya shehe, nikiwa nalo limekunjwa ndani ya kitenge, nikalifungua mbele ya Tata Mwalimu.

"Tata, tazama. Haikupasuka."

Alivaa miwani. Akalitazama kama alivyotazama kila kitu kilichoandikwa, bila haraka, akageuza kola, akafungua zipu na kuifunga. Nilikuwa nangoja aseme ndiyo. Sitadanganya, nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya hiyo ndiyo tu.

"Mama," alisema, "nani alileta nguo ya Yusufu?"

"Ndugu zake."

"Balikuwa batu ya namna gani?"

"Bawongo."

"Balikuwa na sababu ya kudanganya baba yao?"

"Ndiyo. Bo njo balimutupa."

"Na hii koti, nani aliileta?"

Nilivuta mkono wa koti upande wangu. Akaendelea kwa sauti ile ile ya darasani, na hapo ndipo nilipomchukia.

"Ule kijana alikuwa na sababu gani ya kukudanganya? Alikuya kwa miguu. Alilia. Na koti haina kupasuka sababu mutoto aliivula mbele ya kushuka mu shimo. Chini kuko joto, bote banavula. Yakobo alikuwa na haki ya kukataa, juu bashahidi yake balikuwa babaya. Shahidi yako ni muzuri." Alilikunja koti, akanirudishia. "Ile habari ni nzuri sana, mama. Lakini haiko yako. Usiitwae."

Nilimwambia kwamba yeye ni mtu wa karatasi, kwamba hakuwahi kupoteza kitu zaidi ya Biblia ya babu yake. Nilisema na mengine. Alikuwa ameshika kofia yake, akitazama chini, na safari hiyo hakutafuta njia ya kutoka. Nilitoka mimi.

Mvua zote za mwaka ule sikuvuka ua. Makala nilimpelekea kwa mkono wa binti wa jirani. Niliposikia pikipiki ya shehe nilifunga dirisha. Lakini neno lile lilikuwa limeingia na halikutoka. Nilipolala na koti nilisikia: nani aliileta? Kwa muda wote huo nilikuwa nimemkimbia yule rafiki wa mwanangu. Akipita barabarani niligeuza uso, kwa sababu ili mwanangu awe hai ilinilazimu kijana huyo awe mwongo.

Mvua zilipokatika nilimwita. Alikuja amekonda, akasimama langoni akingoja nimfukuze. Nikampa kiti.

"Unielezee tena yote," nilimwambia. "Sitasema kitu."

Akanieleza. Alimwona akivua koti na kumrushia akisema amshikie asije akalichafua, kwa sababu jioni walikuwa na miadi ya kwenda kutazama mpira. Alimwona akishuka. Alisikia sauti yake kutoka chini ikiomba kamba ilegezwe, na mkononi alisikia uzito wake kwenye kamba. Kisha udongo ukaziba, na kamba ikawa haina mtu wa kuivuta upande wa pili. Alichimba kwa mikono mpaka wakamwondoa kwa nguvu. Alinionyesha vidole, kucha mbili hazikuota tena.

"Mama, mi sikukudanganya."

"Ninajua," nilimwambia. "Weye ni mutoto wangu."

Jumamosi hiyo tulilizika koti. Shemeji alikuja, akabeba sanduku begani upande wa mbele ingawa lilikuwa jepesi na mtu mmoja angetosha. Tata Mwalimu alikuja pia, akasimama nyuma kabisa. Katekista aliposema maneno yake sikumwona akisogea mbele. Watu waliondoa mikeka. Mke wa mwanangu alivua nguo za msiba na kurudi kwao na mtoto, na sasa wananitembelea likizo za shule.

Nilirudi Alhamisi iliyofuata na ungo wangu. Shehe alinisogezea kiti.

Miaka ikapita. Tata Mwalimu alianza kusoma kitabu kikiwa karibu zaidi na pua, kisha shehe akawa anasoma vitabu vyote viwili, jambo lililovunja kanuni na kuwaumiza wote wawili. Ukungu mweupe ulikuwa umemfunika macho. Mwaka huu, kiangazi kikielekea mwisho, alikuwa akilala zaidi kuliko kukaa, na mimi nilikuwa nampelekea uji. Siku moja mchana alinizuia nisiondoke.

"Mama, unisomeeko Yusufu. Mu kitabu ya shehe."

Ilikuwa tafsiri ya Kiswahili ambayo shehe alimwachia. Nilisoma polepole, kwa kidole, kwa kuwa ni Kiswahili cha mbali na cha kwetu. Nilipofika mahali ambapo baba anasema anasikia harufu ya mwanawe na watu wa nyumbani mwake wanamwona amepotoka akili, Tata Mwalimu aliweka kiganja juu ya ukurasa.

"Bibi yangu alienda na mutoto yetu mwanamuke," alisema. "Mu ile treni. Mutoto alikuwa ameanza kuandika. Nilimufundisha namba ya nyumba juu ya ukuta, kwa makala, ili asipotee. Mi nilibakia kuchunga nyumba na bitabu. Nilisema nitabafuata."

Niliondoa kidole changu kwenye ukurasa.

"Banasema bote wawili balikufwa mu njia, ku gare moja, pale treni ilisimama, kwa ugonjwa. Bale benye kupanda nabo njo balinieleza."

Nilijua ninachopaswa kuuliza, kwa sababu yeye mwenyewe alinifundisha, na nilijua pia kwamba alikuwa amenizuia niondoke ili mtu amuulize.

"Tata, bale batu balikuwa bawongo?"

"Hapana. Balikuwa batu ya kanisa yetu. Balilia."

"Balikuwa na sababu ya kukudanganya?"

"Hapana."

Aligeuza uso wake kuelekea dirishani, ambako hakuona kitu zaidi ya mwanga.

"Ile siku ulileta koti," alisema, "nilikuambia ile habari haiko yako. Niliijua muzuri, juu mi nilikuwa nimeitwaa kwa miaka yote. Nilijua ile inafanyia mutu. Inamuweka mu mulango, anangojea." Kisha akainua kidole, kidogo tu, kama zamani. "Sasa uniulize."

"Tata."

"Uniulize, mama. Hakuna mwingine."

Nikamuuliza. "Tata Mwalimu, kama mutoto yako iko hai, iko imeandikwa, ao ni weye unatia?"

"Ni mi natia," alisema.

Alilia kidogo. Nami sikutafuta njia ya kutoka. Nilikaa, nikamfuta kwa kona ya kitenge changu. Baadaye alikunywa uji, akalalamika kwamba sukari ni nyingi.

Nilipokuwa naosha kikombe aliniita tena.

"Kiangazi inaisha. Namba haiyapakwa."

Nilidhani ameanza kuchanganyikiwa. "Tata, si umesema..."

"Nilisema, na ni kweli. Lakini ninataka ipakwe."

Sikumuuliza tena. Nilikwenda dukani nikarudi na kopo dogo la rangi nyeusi na brashi. Nilimtoa nje nikamkalisha kwenye kile kiti cha Alhamisi, blanketi magotini, akielekeza uso ukutani, nami nikapanda juu ya kiti kingine. Tarakimu za zamani zilikuwa zinaonekana bado chini ya vumbi, na nilizifuata moja moja. Watu waliokuwa wanapita barabarani walitusalimu. Shehe alifika nikiwa katikati, akavua viatu, akasimama akitazama.

"Imenyooka?" aliuliza Tata Mwalimu nilipomaliza.

Nilishuka, nikarudi nyuma hatua chache, nikatazama vizuri.

"Ya mwisho imeinama kiloko tu," nilimwambia.

"Basi," alisema. "Iache vile."